Mitungi Saba ya Ke Shuibiao

Ke Shuibiao aliwafahamu watu wa kijiji chetu cha Lunxia kuliko daktari yeyote, kwa sababu yeye alianzia pale madaktari walipoishia. Kazi yake ilikuwa kuwahamisha wafu. Hapa kwetu mtu hazikwi mara moja ikaisha. Baada ya miaka kadhaa, au pale ukoo unapoanza kuandamwa na mikosi, huitwa fundi akafukua kaburi, akaitoa mifupa, akaisafisha kwa brashi laini, akaianika juani, halafu akaipanga ndani ya mtungi wa udongo kuanzia nyayo, magoti, nyonga, uti wa mgongo, hadi fuvu juu kabisa, ili marehemu akae kitako vizuri kama mtu anayesubiri kuletewa chakula. Kwa miaka thelathini na minane, fundi huyo alikuwa Shuibiao.

Kufa kufaana, na Shuibiao hakuwahi kulala njaa. Lakini heshima aliyopewa ilikuwa ile ya kupewa kwa mbali. Akiingia mkahawani, waliomo walimaliza supu zao upesi. Harusini alialikwa, ila bahasha yake nyekundu ya zawadi ilipokelewa kwa ncha za vidole. Mtu pekee aliyemshika mkono bila kufikiri ni mkewe, Xiujin, binti wa seremala wa majeneza. "Wenzetu huoana kwa mapenzi," Xiujin alizoea kusema, "sisi tulioana kwa ujirani wa kazi."

Alichojivunia Shuibiao kilikuwa maneno machache tu. Fundi anapokabidhi mtungi, mkubwa wa ukoo humuuliza mbele ya watu wote: "Huyu ni wetu?" Na fundi hujibu: "Ni wenu. Kamili. Hajapungua kidole." Akishasema hivyo, hakuna tena wa kuuliza, si mjukuu wala kitukuu. Shuibiao hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa uongo. Mwaka mmoja alizunguka siku tatu akitafuta kifupa cha kidole gumba cha mguu, akakikuta kinywani mwa mbwa wa jirani, akambembeleza mbwa yule kwa kwato ya nguruwe hadi akakiachia. Familia ikauliza, naye akajibu, na mbwa akanyamaza.

Kisha bandari yetu ya Haiwei ikaamua kunenepa. Zamani ilikuwa gati moja na mizani ya samaki; ghafla ikataka gati la pili, la tatu, barabara ya njia nane na reli mpaka mlangoni. Kilima cha makaburi ya Lunxia kikawa kimekaa palepale mhandisi alipotaka kuweka uwanja wa makontena. Tangazo likabandikwa kwa siku tisini: kila mwenye mzee wake aje. Makaburi yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Shuibiao na wasaidizi wanne walifukua siku arobaini, huku nyuma yao katapila zikinguruma bila kusogea, kama mtu anayekugongea mlango wa choo. Wazee mia nne na watano walichukuliwa na jamaa zao, kila mmoja siku ileile, kila mmoja kwa swali na jibu. Saba hawakuja kuulizwa na mtu.

Ofisi ya wawekezaji, iliyosimamia ujenzi wote ule, ilimpa Shuibiao vibandiko vyeupe vya plastiki ayaandike majina ya wale saba. Alivikataa papo hapo. "Nyeupe ni ya msiba," alimwambia karani. "Hawa misiba yao ilishapita. Hawa wanahama nyumba, na kuhama nyumba ni furaha, na furaha ni nyekundu." Akaandika majina kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu, kama baba yake alivyomfundisha, akaibandika kwa gundi ya unga wa mchele, kama babu yake alivyomfundisha baba yake. Mitungi ikawekwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake kwa wiki mbili, ingoje mnara ambao ofisi iliahidi kuwajengea wasio na jamaa.

Siku ya tatu kikaja kimbunga, kikang'oa nusu ya paa. Asubuhi Shuibiao alikuta maji mekundu sakafuni, mitungi saba imepakwa rangi ya mashavu ya bibi harusi, na konokono wanene wakimalizia gundi pamoja na majina. Hakuna hata herufi moja iliyosalia. Alimwambia Xiujin peke yake. Wiki mbili zikawa miaka kumi na mmoja, kiwanja cha mnara kikawa maegesho ya magari ya wageni, na wazee wale wakabaki kibandani. Shuibiao, kwa aibu kwanza na baadaye kwa mazoea, alianza kuwapelekea udi na chai kila asubuhi, vikombe saba vidogo. Aliwapa majina ya kwake: Mrefu, Meno, Bwana Goti. Wawili walikuwa wanawake, akawaita Bibi Mkubwa na Bibi Mdogo. Siku nyingine aliwapa hata habari za bei ya chaza.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile Naibu Mkurugenzi Zhuang wa ofisi ya wawekezaji alipoingia uani ameshika kikapu cha machungwa kwa mikono miwili.

"Mzee Ke! Mzee wangu!"

Shuibiao alishtuka. Ofisi haikuwahi kumwita mzee, na machungwa yalikuwa ya gharama.

"Unamjua Tan Kim Chuan?" Zhuang aliuliza kabla hajakaa. "Mtu wa hapa Lunxia, alikufa zamani sana. Mjukuu wake yuko Penang, Malaysia. Bi Tan Siok Hwa. Mama ana maghala ya baridi ya samaki nchi tatu, Mzee Ke! Anataka kujenga kubwa kuliko yote hapa kwetu, gati namba nne. Watu mia sita watapata kazi. Na sharti lake ni moja tu, dogo: kabla hajatia saini, amfukizie babu yake udi. Kaburi liko wapi?"

Shuibiao alilikumbuka jina lile vizuri. Aliliandika kwa mkono wake, likaliwa na konokono.

"Safu ya tisa," alisema, "chini ya makontena ya matairi."

"Nani kaweka makontena juu ya babu wa mwekezaji?"

"Ninyi."

Zhuang akafuta jasho. Alikuwa mtu wa kaskazini, mwembamba, mwenye haraka, aliyehamishiwa kwetu miaka mitano nyuma na tangu hapo hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. "Na yeye mwenyewe? Mifupa?"

"Mwenyewe yuko hapo nyuma."

"Ah! Sasa si umenitia roho mkononi bure?"

"Yuko hapo nyuma na wenzake sita," Shuibiao alisema, na kwa kuwa maji alikuwa keshayavulia nguo, akamweleza yote, tangu karatasi nyekundu hadi konokono.

Zhuang alisimama kibandani akiitazama ile mitungi, vikombe saba vikifuka moshi mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye bosi wake alimpigia simu mara nne kwa siku.

"Unajua bandari ya ng'ambo ya ghuba wameshamwandikia barua huyu mama?" alisema kwa unyonge. "Wanasema babu yake ni wa kwao. Wamemchongea na jiwe."

"Babu gani?"

"Sijui. Wamepata babu mahali." Akanyoosha kidole. "Tuchukue huyu."

"Huyo ni mwanamke."

"Huyu basi."

"Huyo naye."

"Unajuaje?"

"Nyonga."

Zhuang akajitazama nyonga zake, akageukia mtungi mwingine haraka. "Yule mrefu! Tajiri kama yule hawezi kuwa na babu mfupi. Andika jina, tumalize."

"Mkurugenzi, mimi siandiki jina la mtu nisiyemjua."

"Basi muulize! Si mnavyo vibao vyenu?"

Vibao vyetu viwili hukatwa kutoka shina la mianzi, vimepinda kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine mbinuko. Unauliza, unavirusha. Kimoja kikionyesha bapa na kingine mgongo wa mbinuko, ndiyo. Vyote vikionyesha mgongo, hapana. Vyote vikionyesha bapa, unayemuuliza anakucheka. Zhuang mwenyewe alivinyakua, akapiga magoti mbele ya Mrefu, akasema kwa Kichina safi cha mkutanoni: "Ndugu Tan Kim Chuan, kwa niaba ya ofisi, tunaomba uthibitisho." Vibao vikacheka. Akarusha tena, vikacheka tena.

"Mkurugenzi," Shuibiao alisema kwa upole, "wazee hawa walikufa kabla redio haijafika huku. Hicho Kichina cha serikali hawajawahi kukisikia. Wanadhani umekuja kuwadai kodi."

Zhuang aliinuka akajipangusa magoti. Uchangamfu ulikuwa umemtoka.

"Nisikilize vizuri, Mzee Ke. Ukisema ukweli wako huo mbele ya watu, kesho nyumba mia nne na tano zitaamka zikijiuliza zinamfukizia nani udi. Watakuja hapa mlangoni. Utawajibu nini?"

Maneno hayo yalimpata Shuibiao mahali hasa palipokuwa na kidonda. Hakuogopa kazi kupotea; alikuwa na miaka sitini na mitatu na mgongo ulishaanza kugoma. Aliogopa kwamba lile jibu lake, kitu pekee alichowahi kukijenga katika mji uliokuwa ukijenga kila siku, litaporomoka lote kwa sababu ya mitungi saba. Akamruhusu Zhuang amchukue Mrefu. Jina likachapishwa ofisini juu ya plastiki nyeupe, na alama za mistari ya kusomwa na mashine.

"Mficha uchi hazai," Xiujin alimwambia jioni hiyo akimenya viazi vitamu vya uji.

"Tumeshazaa. Binti yuko Shenzhen."

"Basi hutapata mjukuu. Biao, wewe unajua kabisa unachokifanya."

"Sijafanya kitu. Nimenyamaza tu."

"Ndiyo hicho nilichosema."

Kwa siku nne chai ya asubuhi aliimimina vikombe sita huku mkono ukitafuta cha saba.

Siku yenyewe, hema kubwa lilisimamishwa kando ya gati namba nne, zulia jekundu likatandikwa hadi ukingoni mwa maji, na kreni za bluu zikaamriwa zisimame shingo juu. Mrefu aliwekwa juu ya meza yenye maua ya plastiki. Shuibiao alivalishwa suti na kadi kifuani iliyosema "Mtaalamu wa Urithi". Kila mgeni alipewa ratiba ya karatasi ngumu, na Shuibiao aliisoma mara mbili kuhakikisha macho hayamdanganyi: saa tatu na dakika arobaini, kushuka garini, saa tatu na dakika arobaini na tano, udi na machozi, saa nne kasoro dakika tatu, picha, saa nne kamili, kutia saini.

Lunxia yote ilikuja, kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, na pia palikuwa na soda za bure. Mbele kabisa alisimama Bi Hong, muuza chaza, mwanamke ambaye sauti yake ilisikika bandarini kabla ya honi za meli.

Bi Tan Siok Hwa alishuka garini na miaka yake sabini na minne, mfupi, viatu vya raba, kikapu mkononi. Hakulitazama zulia. Alipita pembeni yake kwenye saruji kama mtu anayekwepa tope. Toka kikapuni alitoa bakuli la wali na samaki wa chumvi, udi, na vibao viwili vilivyong'aa kwa kushikwashikwa.

"Vibao hivi viliondoka Lunxia mwaka wa thelathini na saba mfukoni mwa baba yangu," alisema, na watu wakasogea karibu, kwa kuwa alisema lugha yetu ya zamani, ile ambayo wajukuu zetu siku hizi wanaicheka. "Alimwambia babu: nakwenda miaka mitatu tu, nitarudi nikujengee nyumba. Baba amekufa Penang. Nimekuja mimi."

Akapiga magoti kwenye saruji. Akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi: "Babu, ni wewe?" Akarusha. Vibao vyote viwili vikalala bapa juu. Vikacheka. Akarusha mara ya pili: vikacheka. Mara ya tatu kimoja kilizunguka mpaka ukingoni mwa zulia, watu wote wakakikodolea macho, nacho kikalala bapa juu na kucheka na mwenzake.

"Amefurahi!" Zhuang aliruka. "Babu amefurahi, Bi Tan! Anacheka kwa furaha! Picha sasa, picha!"

"Sikumuuliza kama amefurahi," Bi Tan alisema. "Nimemuuliza kama ni yeye." Akainuka polepole, akatazama suti zote zilizosimama pale, akazipita moja moja, akasimama mbele ya mikono pekee iliyokuwa na sugu. "Ndugu yangu, ni wewe uliyemtoa ardhini?"

"Ni mimi."

Naye akauliza kama inavyoulizwa, mbele ya watu wote: "Huyu ni wetu?"

Midomo ya Shuibiao ilijua njia. Ilishafunguka. Nyuma ya Bi Tan alimwona Zhuang akimtingishia kichwa kwa nguvu, na nyuma ya Zhuang akawaona watu wa Lunxia, kila mmoja na mzee wake nyumbani, wakilisubiri jibu walilolisikia siku yao. Alijaribu. Neno likakataa kutoka, kama mfupa uliobanwa na mzizi.

"Sijui," alisema Shuibiao.

Kisha akasema yote. Karatasi nyekundu, gundi ya mchele, kimbunga, konokono. Alipofika kwenye konokono mtu mmoja alicheka kisha akajuta. "Babu yako ni mmoja wa saba," alimalizia. "Nimemtunza, lakini simjui. Kosa ni langu, si la ofisi. Ofisi ilinipa plastiki."

"Na mama yangu je?" Bi Hong alipaza sauti. "Miaka kumi na mmoja namkaangia kimanda cha chaza! Nani anakula?"

Shuibiao akamgeukia. "Bi Hong, wewe uliniuliza siku ileile, mtungi ukiwa bado na joto la jua. Nilikujibuje? Niligugumiza?"

Bi Hong alifikiri, mdomo wazi. "Hapana," alisema hatimaye kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo. Lakini nyuma yake minong'ono ilikuwa imeshaanza kupita kutoka kichwa hadi kichwa.

"Hao sita wako wapi?" Bi Tan aliuliza.

Wakaenda kwa miguu, Bi Tan mbele, Zhuang nyuma akiishika ratiba kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa, msaidizi wake amemkumbatia Mrefu na maua yake yote. Kibandani Bi Tan aliinama. Akagusa kikombe kimojawapo kwa kidole. Kilikuwa bado vuguvugu.

"Nani anawapa chai?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Siku za mvua wanachelewa kidogo kupata."

"Miaka kumi na mmoja? Watu usiowajua?"

"Wamenizoea," Shuibiao alisema, akaona haya.

Mrefu akarudishwa mahali pake. Bi Tan alirusha vibao mbele ya wote saba. "Babu, uko humu?" Ndiyo. Tena: ndiyo. Mara ya tatu: ndiyo. Watu walioning'inia dirishani wakapumua kwa pamoja. "Ni yupi, Babu?" Vikacheka. Akarusha tena, vikacheka tena, na hapo yeye mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata baada ya kicheko kwisha. Xiujin alimshika bega, kwa kuwa Xiujin hakuogopa kumshika mtu.

"Bi Tan," Zhuang alisema taratibu, "mkataba..."

"Utangoja. Babu yangu amengoja karibu miaka tisini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Yumo, hataki kuwaacha wenzake. Nami ningemchukuaje mmoja nikawaacha waliokaa naye wakati sisi hatukuwepo? Nawachukua wote saba. Andikeni wote ni wa ukoo wa Tan. Na kile kilima kidogo pale juu, chenye sakafu ya mawe, ni cha nani?"

Kilikuwa mahali ambapo ofisi ilikusudia wageni wake wasimame kuitazama bandari na kupigwa picha.

"Wataitazama wao," Bi Tan alisema. "Hilo ndilo sharti langu la pili. Dogo tu."

Zhuang alipiga simu. Akasikiliza, akageuka mwekundu, akageuka mweupe, akasema ndiyo mara sita. Kilima kikapatikana.

Kesho yake asubuhi, kabla Shuibiao hajachemsha maji, watu walikuwa wamejipanga uani. Wazee ambao kwa siku tisini za tangazo na miaka kumi na mmoja ya kibanda hawakuwa na mtu, sasa walikuwa na jamaa kumi na wanne. Aliyetangulia mstari alikuwa Bi Hong.

"Yule mwenye meno makubwa ni mjomba wangu," alisema. "Damu nzito. Nimemtambua jana dirishani."

"Umemtambuaje, amefunikwa?"

"Mtungi wake una heshima ya kwetu."

Bi Tan, aliyekuwa anakunywa uji jikoni kwa Xiujin, akatoka na vibao vyake. "Karibu, dada. Muulize mwenyewe." Bi Hong akauliza, akarusha. Migongo miwili juu: hapana. Akarusha tena: hapana. Akasugua vibao kwenye aproni, akapulizia, akarusha kwa mkono wa kushoto: hapana.

"Nyumba yako iko mita mia mbili kutoka hapa," Bi Tan alimwambia bila ukali.

"Nilikuwa na shughuli nyingi," alisema Bi Hong.

Waliobaki kwenye mstari walikumbuka nao shughuli zao, mmoja baada ya mwingine.

Mkataba ulitiwa saini, misingi ya ghala ikaanza kuchimbwa, na bandari ya ng'ambo ya ghuba ikabaki na babu yake na jiwe lake. Kila mtu alipata alichotaka isipokuwa Shuibiao. Kwa miezi miwili hakuna aliyebisha hodi kwake. Koo mbili zilizokuwa zimepanga kuhamisha wazee wao zikaahirisha. Watu walimsalimia kama kawaida, kwa mbali, lakini sasa ule umbali ulikuwa na swali ndani yake, na yeye hakuwa na namna ya kulijibu, kwa sababu swali lenyewe hakuna aliyeliuliza. Alichemsha chai, akapeleka vikombe saba, akakaa kibandani hadi saa nne.

Siku ya mwaka ya kusafisha makaburi, Bi Tan alirudi. Kaburi kilimani lilikuwa tayari, pana, la mviringo, limeelekea bahari, gati na zile kreni ndefu. Lunxia yote ilipanda, soda hazikuwepo. Walikuja, nadhani, kusikia kama Shuibiao atathubutu kusema lile neno tena. Yeye mwenyewe hakujua. Alibeba mtungi wa kwanza, akauweka mahali pake, akabaki ameinama.

"Huyu ni wetu?" Bi Tan aliuliza.

Shuibiao akatazama mtungi wa Bwana Goti, akamfikiria mtu huyu aliyemfahamu hadi kifupa cha mwisho, ambaye jina lake hakulijua, na ambaye tangu leo alikuwa na mjukuu. Akagundua kwamba hapakuwa na uongo wowote wa kuogopa.

"Ni wenu," alisema. Sauti ilikwaruza. "Kamili. Hajapungua kidole."

Wa pili, wa tatu, wa nne. Kwa Bibi Mkubwa Bi Tan aliuliza na kwa Bibi Mdogo pia, na jibu lilizidi kunyooka. Zhuang alitazama saa. Ratiba ya machozi ilikuwa imezidi kwa muda wa saa nzima na hakuna aliyejali, hata yeye alikuwa amekalia jiwe, anakunywa kikombe cha chai hadi chini. Ukabaki mtungi wa Mrefu, uliobanduliwa plastiki yake. Shuibiao akauweka, akasubiri.

"Huyu uliza wewe, ndugu yangu," Bi Tan alisema. "Nitajibu mimi."

Miaka thelathini na minane alikuwa akijibu. Hakuwahi hata mara moja kuuliza.

"Huyu," alisema Shuibiao, "ni wetu?"

"Ni wetu," Bi Tan alijibu. Akasita, akageuka kuwatazama watu, kwa sababu mambo ya mifupa hakuyajua.

"Kamili!" Bi Hong akapiga kelele kutoka nyuma, sauti yake ile ya kuvukia maji. "Hajapungua kidole!" Na mwingine akaipokea, na mwingine, wanaume kwa wanawake, nyumba zile mia nne na tano, mpaka mtu wa kreni kule chini akachungulia kuona kuna nini.

Shuibiao alifunika mtungi. Kisha akakaa pale pale juu ya udongo mpya akalia wazi, mkono wa suti ile ya ofisi ukiwa puani, na Bi Hong akaja akamshika mkono, mkono mzima, akamwinua.